Ripoti Aliyoifunga Taimi

Taimi Rautiainen aliifunga ripoti ile siku ya Alhamisi, mkono mmoja kwenye kibodi na wa pili umeshika kipande cha mkate mweusi wa nafaka ya rai. Nilimwona. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, yeye na mimi, ghorofa ya juu ya kiwanda cha zamani cha maziwa hapa Joensuu, mashariki ya Ufini, na meza zetu zilitazamana. Mchana kila mmoja alikuwa na ajira yake. Saa zilizobaki tulizitoa kwa Kide.

Kide ni lugha ya kuandikia programu. Si maarufu, watu wengi mtaani hawajawahi kuisikia, lakini ni nyepesi, kwa hiyo imeingia kwenye vyombo vidogo vidogo: mita za umeme, mizani, vipima joto vya maghala. Lugha kama hiyo huja na maktaba zake za msingi, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa ili kila mtu asianze upya. Maktaba ya mtandao ilikuwa ya Taimi. Aliiandika mwenyewe akiwa na miaka thelathini na sita, na tangu hapo kila programu ya Kide inayotaka kuzungumza na mashine nyingine inapitia mikononi mwake. Mimi nilikuwa naibu wake.

Ripoti yenyewe, malalamiko ya mtumiaji kuhusu kosa, ilikuwa fupi. Mtu aitwaye Aulis Pesonen, ambaye hatukumjua, aliandika kwamba ameiambia maktaba isubiri sekunde tano tu, ikishindwa kuipata seva irudi imwambie. Lakini haikurudi. Ilikwama.

Taimi alielewa mara moja. Programu ikitaka kuifikia seva, kwanza huuliza: jina hili lina anwani gani? Ikishapewa anwani ndipo inakwenda kubisha hodi. Katika maktaba yetu sekunde zilianza kuhesabiwa kwenye kubisha hodi. Kule kwenye kuuliza jina hakukuwa na saa. Na hayo yalikuwa yameandikwa kwenye maelezo, aya ya mwisho kabisa.

"Watu hawasomi, bwana," Taimi alisema akitafuna. "Tunawaandikia, hawasomi."

Akaandika: *Si kosa. Inafanya kazi kama maelezo yanavyosema. Nafunga.* Nami nikaweka alama ya kidole gumba chini ya jibu lake, kumuunga mkono. Tukaendelea na kahawa.

Ilipita karibu miaka mitatu.

Mwezi wa Februari, asubuhi ya baridi kali, niliingia ofisini nikamkuta Taimi amekaa na koti lake, hajavua hata glavu moja. Aligeuza skrini yake upande wangu.

Ilikuwa barua pepe ya Aulis Pesonen. Aliandika kwamba yeye ni fundi wa visanduku vya dharura vya wazee, wilaya za upande wa mashariki, huko Ilomantsi na vijiji vyake. Mzee huvaa kitufe mkononi. Akianguka anabonyeza, na kisanduku kilichoko ukutani kinapeleka habari kituo cha uangalizi kupitia mtandao. Mtandao ukigoma kwa sekunde tano, kisanduku kinatakiwa kiachane nao kipige simu. Ijumaa iliyopita bibi mmoja, Helvi Turunen, miaka themanini na mmoja, alianguka mlangoni kwake saa tatu asubuhi akitoka kuchukua kuni. Mlango ulibaki wazi. Alibonyeza kitufe. Siku hiyo mashine inayojibu majina katika eneo lile ilikuwa inapokea maswali na haijibu lolote. Kisanduku kiliuliza, kikangoja, kikauliza tena. Simu hakikupiga. Mwenye kugawa barua alimkuta saa tisa alasiri. Yuko hai. Vidole vya mguu wa kushoto vimekatwa, na mguu wenyewe bado madaktari wanautazama.

Mwisho wa barua palikuwa na mstari mmoja: *Naomba ile ripoti yangu ifunguliwe tena.*

Hakutukana. Afadhali angetutukana.

"Labda si sisi," nilisema. "Kisanduku kina programu yake. Huenda ni yake."

"Vua koti tujaribu," alisema Taimi, yeye mwenyewe bado amevaa la kwake.

Tukatengeneza seva ya majina iliyo bubu: inasikia, haijibu. Tukaandika programu ya mistari minne ya kuifikia seva nyingine, kikomo sekunde tano. Taimi akabonyeza, akaweka simu yake mezani ikihesabu. Sekunde tano zikapita. Thelathini. Dakika mbili. Maktaba ikauliza jina mara ya pili, ikaanza kungoja upya. Dakika kumi na tano baadaye bado ilikuwa inangoja. Nilinyoosha mkono nisimamishe ile programu. Taimi akanizuia.

"Iache."

Akafungua msimbo wenyewe. Kwenye kitanzi cha msimbo, sehemu inayouliza na kuuliza tena, palikuwa na maelezo yake ya zamani, ya mwaka ule wa kwanza: *hapa tusubiri tu, majina hujibiwa haraka.* Aliyasoma kwa sauti. Kisha akatoka kwenye korido, nikasikia maji ya bomba yakitiririka chooni kwa muda mrefu.

Ugomvi wetu ulianza siku ile ile. Yeye alitaka kurekebisha na kutoa toleo jipya ndani ya wiki. Mimi nilimwambia asubiri, na si kwa uvivu. Kuna watu wanaotumia Kide kwenye meli na migodini, mtandao wao unapita kwenye setilaiti, kuuliza jina peke yake kunawachukua sekunde ishirini. Wameandika kikomo cha sekunde tano na mambo yao yanakwenda, kwa sababu ya kosa letu hilo hilo. Tukilirekebisha ghafla, programu zinazochelewa lakini zinafika zitakuwa programu zisizofika.

"Anayetaka ishirini aandike ishirini," alisema Taimi.

"Atajuaje kwamba inabidi aandike? Wewe mwenyewe umesema hawasomi."

Alinitazama kama nimemtemea mate. "Oskari, kuna mtu amekatwa vidole."

"Na wengine watakatwa nini tukikosea kwa haraka?"

"Maneno hayo ulikuwa nayo wapi mwaka ule ulipoweka kidole chako gumba?"

Nikajifanya nasoma.

Jumamosi aliniambia anakwenda Ilomantsi. Hakuniomba niende, nilipanda gari tu, naye akaniacha nipande. Njia nzima theluji ilikuwa imerundikwa pande zote mbili za barabara.

Aulis Pesonen tulimkuta kwenye karakana yake, mtu mpana mwenye ndevu za kijivu, rafu zimejaa visanduku. Alimpa Taimi mkono, akanipa na mimi.

"Kwa hiyo ndio nyinyi," alisema.

"Ndio sisi," alisema Taimi. "Nimekuja kuomba radhi."

"Kwangu?" Aulis alivuta kiti akakaa. "Mimi sikuanguka. Lakini nikwambie ukweli, dada, yale maneno yako niliyasoma mara nyingi. 'Si kosa.' Nikajiuliza, pengine mimi ndiye mjinga. Nikaenda kusoma maelezo, nikakuta kweli yameandikwa. Nikaaibika, nikanyamaza. Nilikuwa na mpango wa kuandika njia yangu ya kuzunguka pale. Nikaahirisha. Kazi zikawa nyingi." Akajikuna ndevu. "Kwa hiyo usifikiri uko peke yako humo."

Ni yeye aliyetupeleka hospitali kumwona Helvi. Mimi nilitaka tubaki nje. Taimi aliingia, nikamfuata.

Bibi alikuwa mdogo sana kitandani, macho makali, nywele zimechanwa vizuri. Aulis akasema hawa wametoka Joensuu, ni watu wa programu.

"Wewe binti ndiye uliyetengeneza kile kisanduku?"

"Hapana, mama. Nimetengeneza kitu kilichoko ndani ya kitu kilichoko ndani ya kisanduku."

"Na hicho ndicho kilichoharibika?"

"Ndiyo."

Helvi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. "Pale chini nilikuwa nakiona, unajua. Kiko ukutani, kina taa ya njano. Fundi aliniambia ikiwaka ya njano maana yake kinatafuta. Basi nikawa nakiangalia. Nikasema, haya, tafuta. Nikakisubiri. Simu yangu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, si mbali, ningejikokota hata kwa viwiko. Lakini kile kilikuwa kinatafuta, nikaona kwa nini nijisumbue? Nilipokuja kugundua kwamba hakipati, mikono ilikuwa haifanyi kazi tena."

Taimi alikuwa ameshika reli ya kitanda.

"Kingesema tu kimeshindwa," aliendelea Helvi. "Kushindwa si neno. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo, anatafuta miwani nusu siku hasemi haioni. Lakini yeye sikuwa nimemtegemea." Akacheka kidogo peke yake, kisha akafumba macho. "Kamwambieni nesi aniletee kahawa ya kweli. Hii ya hapa ni maji ya kuoshea vikombe."

Kwenye gari Taimi alisema, "Ningejikokota hata kwa viwiko."

Alitoa toleo jipya siku nne baadaye. Hakuniuliza. Kwenye Kide naibu anaweza kuzuia, na nilikuwa nimemwambia wazi kwamba nitazuia, kwa hiyo alilipitisha asubuhi moja nilipokuwa kwa daktari wa meno. Niliona tangazo kwenye simu, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari kumi na mitatu. Saa sasa ilianza kuhesabu mwanzo kabisa, kwenye kuuliza jina. Sekunde tano zikiisha, maktaba inarudi na kusema imeshindwa. Niliyasoma mara mbili na sikuona kosa. Hilo nataka lijulikane. Nilikuwa na hasira, nililitafuta kosa kwa hamu, na sikuliona.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Aulis alipiga simu. Taimi aliweka sauti ya nje.

"Viko visanduku arobaini nilivyoviwekea toleo lako jipya," alisema Aulis. Alikuwa anahema, kama anatembea kwa haraka. "Ishirini na sita vimekufa tangu jana. Si kwamba vinangoja. Vimekufa. Hakuna taa ya rangi yoyote. Mimi na mke wangu tunapita nyumba kwa nyumba, tunavichomoa na kuvichomeka upya. Nipeni njia ya kurudi kwenye lile la zamani."

"Kuna mtu...?" Taimi hakumaliza.

"Mpaka sasa hakuna. Tumebakiza nyumba tisa."

Tulikaa tukingoja. Nitasema na hili, kwa kuwa nimeamua kusema: kabla ya hofu kunishika, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa furaha. Ndogo, ya sekunde moja, *nilikwambia*. Kisha nikamtazama uso, ikanitoka, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Saa saba mchana Aulis alituma ujumbe: wote tisa wazima, mmoja amemfukuza kwa sababu amemkatiza usingizi.

"Bahati tu," alisema Taimi. "Ni bahati tu, Oskari." Akasukuma kibodi mbali. "Niondoe. Nitoe kwenye orodha ya wasimamizi. Mimi si mtu wa kushika kitu hiki."

"Sikutoi."

"Ulikuwa unasema kweli."

"Nilisema kweli juu ya meli na migodi. Hii sikuiona. Hata ungenionyesha nisingeiona. Sogea, tuangalie kilichoviua."

Ilituchukua siku mbili kukielewa. Sekunde tano zilipoisha, maktaba ilirudi kwa mwenye programu kama ilivyotakiwa. Lakini yule mjumbe, kipande cha programu kilichotumwa kuuliza jina, hakuambiwa kwamba safari imefutwa. Alibaki nyuma, ndani ya kumbukumbu ya mashine, anangoja jibu lake. Kila jina lilipochelewa tena, na mtandao wa kule ulikuwa bado unasuasua, alibaki mwingine, na mwingine. Kwenye kompyuta kubwa kama zetu huwezi kugundua. Kwenye kisanduku chenye kumbukumbu finyu, kinachojiripoti kila baada ya dakika chache, siku tatu zinatosha kujaza nafasi yote.

Kurekebisha hilo hakukuwa mistari kumi na mitatu. Ilibidi kuivunja sehemu yote ya majina na kuijenga upya, ili kila anayetumwa aweze kuitwa arudi. Aulis alituletea visanduku kumi kwa gari lake, tukavipanga kwenye rafu ya vitabu, na kwa wiki sita chumba chetu kilikuwa na taa za njano, kijani na nyekundu. Tuliwaandikia watu wa meli na wa migodi mmoja mmoja, tukawaambia nini kinakuja na wafanye nini. Wengine walitushukuru. Mmoja aliandika kwamba sisi ni wapuuzi, tunavunja kitu kisichokuwa na tatizo. Taimi alimjibu aya tatu, kwa upole, akamweleza kila hatua. Zamani angemjibu neno moja.

Wiki hizo alianza tabia nyingine. Kila siku baada ya chakula alifungua ripoti za zamani alizozifunga kwa "si kosa". Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alizisoma moja moja, na kwa kila moja alijaribu kumfikiria aliyeiandika: alikuwa nani, kile chombo kilikuwa wapi, nani alikuwa anakitegemea. Nilimwambia nyingi alizifunga kwa haki, na kweli ndivyo zilivyokuwa. Alifungua upya kumi na nane.

"Kumi na nane si nyingi," nilisema.

"Kati ya walioziandika, saba wameandika mara moja tu, hawakurudi tena. Nimewaandikia. Wanne anwani zao hazipo." Akafungua nyingine. "Siwezi kujua walikwama wapi."

Alipungua. Mumewe alinisimamisha dukani akaniuliza kama kuna jambo kazini, kwa sababu nyumbani mtu akichelewa kujibu kidogo tu Taimi anashtuka, anauliza mara ya pili, unanisikia? Nilimweleza. Alisikiliza, kisha akasema, "Lakini yeye hajamwangusha yule bibi." Nikasema hapana, hajamwangusha. Sote wawili tukawa tunaangalia rafu ya maziwa.

Toleo la pili lilitoka mwezi wa Mei, jina langu na lake yote mawili chini. Lilishika. Mguu wa Helvi haukupona. Ulikatwa chini ya goti mwezi wa Aprili, naye hakurudi tena nyumbani kwake, alihamishiwa kwenye makao ya wazee mjini. Taimi humtembelea. Mara ya kwanza Helvi hakumkumbuka ni nani, na Taimi ilibidi ajitambulishe upya, aseme yote tena tangu mwanzo. Alinieleza kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Mwezi wa Juni Aulis aliandika kwamba visanduku vyote vya wilaya vimeshawekewa toleo jipya isipokuwa kumi na tisa. Hivyo ni vya zamani, haviwezi kufikiwa kwa mtandao. Lazima mtu aende mlangoni na waya. Angevimaliza kufikia Oktoba.

"Nipe orodha," Taimi alimwambia.

Tulikwenda wote wawili, mimi nikiendesha. Siku ya kwanza tulimaliza nyumba sita. Kila mahali tulipewa kahawa na mkate mtamu wa iliki, ukikataa ni ugomvi. Nyumba ya saba ilikuwa ya mzee aitwaye Urho Kettunen, mwisho wa barabara ya changarawe. Alitusikiliza amesimama katikati ya mlango wake, mkono kwenye kizingiti.

"Changu kinafanya kazi," alisema.

"Inawezekana, mzee," alisema Taimi. "Lakini kuna siku kinaweza kisifanye, na hakitakwambia."

"Miaka minne kiko pale. Hakijanisumbua hata mara moja."

"Umewahi kukibonyeza?"

Mzee akafikiri. "Sijawahi kuanguka."

"Basi kibonyeze sasa, tusikilize pamoja."

"Nitawasumbua watu bure."

"Wasumbue. Ni kazi yao."

Akatutazama, Taimi kwanza, mimi baadaye, kisha begi la waya. Nilidhani atafunga mlango. Akasema leo hana nafasi, ana mke mgonjwa ndani amelala na hataki watu wenye viatu ndani ya nyumba, turudi siku nyingine, na bora tupige simu kwanza.

Taimi aliinama pale pale kwenye ngazi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.